Mgomba Uliozikwa kwa Jina Langu

Nilipiga hodi nyumbani kwetu nikiwa na pakiti ya chumvi mkononi. Ndani palikuwa kimya, isipokuwa sauti moja ndogo ninayoijua tangu wadogo zangu walipozaliwa, sauti ya mtoto anayenyonya kwa pupa huku akipumua kwa pua. Nikatabasamu peke yangu pale kizingitini. Nyumba yenye mtoto anayenyonya ni nyumba salama, nikawaza, ingawa nilipoondoka asubuhi hapakuwa na mtoto.

"Nani?" mwanamke akauliza kutoka ndani.

"Mimi." Na kwa kuwa mlangoni mtu hawezi kuwa mimi tu akafunguliwa, nikaongeza: "Joji. Nimeleta chumvi."

Kunyonya kukakoma. Mtoto akapiga ukelele uliofanya kuku wakimbie uani.

Mlango ukafunguliwa. Aliyeniagiza chumvi ile ni Kalunde, mdogo wangu. Nilimwacha jikoni, nywele kazisuka mistari, maharage yanatokota, akinifokea kwamba nikizubaa yataungua. Sikumbuki kwamba nilikwenda mbali. Kulikuwa na duka lililofungwa, kisha duka lingine, kisha njia panda, kisha nikafanya kazi kidogo mahali fulani ili niipate chumvi yenyewe, kisha nikageuka kurudi. Basi, ni hayo tu. Lakini mwanamke aliyesimama mbele yangu alikuwa na mvi kichwa kizima na shingo yenye mikunjo, na nyuma yake, mkekani, alikaa mwanamke kijana mwenye paji la uso la Kalunde, akihangaika kumrudishia mtoto titi mdomoni. Nikautazama mkono wangu ulioshika chumvi. Nao ulikuwa umezeeka bila kuniambia.

Kalunde hakunikumbatia. Alinitazama miguu kwanza, aone kama inagusa chini.

"Kaka," akasema, "sisi tulikuzika."

Alisema kwa sauti ya mwenye nyumba anayemwona mgeni akifika wakati vyombo vimeshaoshwa.

"Shikamoo, mjomba," akasema yule kijana mkekani, machozi yakimtiririka. Ndiye Nyamizi, binti ya Kalunde, ambaye nilikuwa sijawahi kuambiwa kwamba yupo. Nikaitikia marahaba. Nadhani ndiyo mara ya kwanza maiti kuitikia marahaba katika nyumba ile.

Inabidi nieleze, maana huku kwingine watu hawafanyi hivi. Kwetu mtu akipotea, akasubiriwa mpaka kusubiri kwenyewe kukawachosha watu, ndugu hawamwachi azurure bila kaburi. Wanatwaa mgomba wenye kimo chake, wanauvisha shuka, wanaulilia kilio cha kweli, wanauzika kwa jina lake. Jina likishazikwa liko huru. Na mtoto akizaliwa katika ukoo akakataa titi, mwanamke mkubwa wa nyumba husimama mlangoni na kuwaita wafu mmoja mmoja. Jina litakalotajwa mtoto akashika titi, hilo ndilo lake, mwenyewe amerudi. Mtoto wa Nyamizi alikataa titi tangu alipotoka tumboni. Kalunde aliwaita baba na mama yetu, akawaita mababu, akawaita hata wale ambao hakuna aliye hai aliyewahi kuwaona. Mtoto analia tu. Mwishowe, sauti imemkauka, akaniita mimi. Mtoto akashika titi, akanyonya mpaka akalala.

"Alikuwa ananyonya vizuri," Nyamizi akasema. "Mpaka umekuja, mjomba."

"Nani alikutuma ujitaje?" Kalunde akaniuliza.

"Si wewe uliyeniuliza nani!"

"Ulitaka nikuulize nini?"

Mtoto alikuwa amechoka kulia, akawa anatoa sauti nyembamba ya kukwaruza. Nyamizi akamkamulia maziwa kwenye kijiko, akamdondoshea mdomoni, mengi yakamwagika shingoni. Kalunde akamfunua tumbo anionyeshe. Kitovu kilikuwa kimekauka, kimebaki kuning'inia kwa kijiuzi.

"Kikidondoka hana jina, anarudi alikotoka," akasema. "Kaka, mimi sikufukuzi. Lakini jina halivaliwi na wawili. Wewe ndiye Joji wa kwanza ukoo huu, hatuna mwingine. Lakini hukujizaa. Jina lilitoka kwa mtu. Nenda ukamtafute. Kama amekufa, mwombe aje amchukue mtoto huyu awe wake, na wewe ubaki na lako."

"Na nisipompata?"

Akageuka kumfunika mtoto. Jikoni hapakuwa na harufu ya maharage.

Nikatoka. Jua lilikuwa la alasiri, na kwa muda wote ninaousimulia hapa lilibaki palepale, kama limesahau linakokwenda. Kivuli changu kilitangulia mbele, kirefu kuliko mimi, na nilikifuata kwa kuwa sikuwa na mtu mwingine wa kufuatana naye.

Nianzie wapi kulitafuta? Jina ni kitu cha ajabu sana ukikaa nalo peke yako. Ni mali yako, na wanaolitumia ni wengine. Mwenyewe huliiti. Mtu aliye peke yake porini hana haja ya jina, na kwa kadiri nilivyotembea nikaanza kuona kwamba kwa muda mrefu sana sikuwa na haja ya langu. Huko nilikokuwa, kama nilikuwa popote, waliniita wewe. Wewe sogea. Wewe beba. Nililitunza jina moyoni kwa ajili ya siku ya kupiga hodi nyumbani. Joji! Nikalijaribu kwa sauti, pale njiani. Joji. Likatoka vizuri, halikuwa na kutu. Halafu nikakumbuka kwamba kila nikilitaja huenda mtoto anaruka kule mkekani, nikaufunga mdomo.

Mama alikuwa akisema kwamba jina hilo ni la picha iliyokuwa kanisani, mtu juu ya farasi mweupe anachoma joka kwa mkuki, na kwamba nilizaliwa karibu na sikukuu yake. Baba alikuwa akisikia anaguna. Yeye alipigana vita vya mfalme mwenye jina hilo, katika nchi ambayo hakuweza kuitamka, akarudi na koti zito na biskuti ngumu alizozihifadhi mpaka zikapata wadudu. "Nimempa jina la mkubwa," alikuwa akisema, "mkubwa akimsikia atamjua." Wawili hao walibishana siku zote kuhusu nilikotoka. Hakuna aliyeniuliza kama mimi najisikia wa farasi au wa koti.

Mahali pa kwanza palikuwa soko. Nilifika nikiwa na kiu ya watu, na palijaa watu. Nikasimama katikati, nikaita kwa nguvu zote jina lile nililojizuia kuliita, kwa kuwa sikujua njia nyingine ya kumtafuta mtu. Soko zima likageuka. Fundi saa akainua uso wenye lenzi jichoni. Mpiga pasi akainua pasi ya mkaa. Wabeba mizigo, wauza dagaa, mwenye baiskeli, mtu mwenye tai na mtu asiye na shati, wote waligeuka, wakasema kwa pamoja, "Naam?"

Sijawahi kuwa mpweke kama nilivyokuwa katika naam ile.

"Nawatafuta waliokufa," nikasema.

"Sisi wazima," fundi saa akajibu, na wengine wakacheka. Lakini aliniita kando, akaniambia kwamba yeye lilikuwa jina la pili. La kwanza alipewa na bibi yake, ni refu na lina mvua na mavuno ndani yake. Bosi wake wa kwanza alilijaribu mara moja, ulimi ukamchoka, akasema kuanzia leo wewe Joji. "Nikazoea," akasema. "Sasa la kwanza limebaki na bibi, na bibi amekufa. Ukikutana naye huko uendako, muulize lilikuwaje."

Nikaahidi. Nikamwacha akipuliza vumbi kutoka ndani ya saa, na soko likarudi kwenye kelele zake. Wote walikuwa wakiitana Joji, na kila mmoja alijua anayeitwa ni nani.

Njia ikapanda. Juu kulikuwa na jumba lenye madirisha mengi yasiyo na pazia, na ndani ya jumba ukumbi mmoja, na ndani ya ukumbi kiti. Bibi mmoja aliyejifunga kanga mbili alikuwa akikifuta kwa kitambaa. Aliniambia jina lake ni Bi Mwanvita, kwa kuwa alizaliwa vitani, na kwamba wenye kiti waliondoka wakasahau kumwambia aache kufuta.

"Walikuwa wengi," akasema. "Mmoja anakaa, anakufa, anakaa mwanawe, naye ni Joji. Majina yaliwaishia, wakaanza kujihesabu: wa kwanza, wa pili. Unamjua wa kwanza? Alitoka nchi nyingine kabisa. Hata lugha ya watu aliokuja kuwatawala alikuwa akiibabaisha. Anasema hili, wao wanainama. Anasema lile, wanainama vilevile."

"Kumbe jina lenyewe si lao?"

"La kwao wapi! Waliazima. Wakalivalia taji, wakalipanda meli, wakaligawa kote walikofika, mpaka watu wakadhani limezaliwa kwao. Baba yako alikuwa askari, siyo?"

"Ulijuaje?"

"Wanakuja wengi wa namna yako. Askari akirudi, kama hana kitu mkononi, anampa mtoto jina la kiti. Anadhani kiti kitakumbuka."

Nilimweleza shida yangu. Nilimwambia kuhusu kitovu kilichobaki kwenye kijiuzi, nikamwomba aniitie mmoja tu wa waliokufa, hata yule mdogo kabisa ambaye hakuna anayemhitaji. Bi Mwanvita akakung'uta kitambaa chake dirishani.

"Hawa hawarudi kwenu, mwanangu. Walitoa jina, hawakutoa undugu. Wakirudi wanarudi kwa wajukuu zao. Lakini kaa kwenye kiti, kama unataka kujaribu. Kila mtu hujaribu."

Nilikaa. Sioni aibu kusema. Nilitaka kujua baba alimpigania nani. Kiti kilikuwa kirefu, na nilipoegemea nyuma miguu yangu ikaacha sakafu, ikaning'inia kama ya mtoto aliyepandishwa kwenye benchi la zahanati. Nikangoja nisikie ukubwa ukiingia. Nilisikia ganzi kwenye mapaja. Nikaelewa kwamba kiti hicho kilitengenezwa ili anayekikalia asiguse ardhi, na kwamba labda utawala wote ni hilo tu, kuwazoesha watu kwamba yupo mmoja asiyekanyaga wanapokanyaga wao. Na je, nimpe mtoto wa Nyamizi jina la miguu inayoning'inia? Atanyonya, lakini atamnyonya nani baada ya mama yake? Nikateremka kwa kuruka, kifundo kikaniuma. Baba yangu, masikini, alihifadhi biskuti mpaka zikapata wadudu.

Nilipokuwa ninaondoka Bi Mwanvita aliniomba nimsaidie kusogeza kiti, afagie chini yake. Tukakisogeza. Akafagia polepole sana, akinisimulia habari za goti lake, na nikajua hataki nimalize. Nami nilikuwa na mtoto wa kuwahi. Nikamuaga.

Joka nililikuta chini ya mlima, limejikunja kwenye kisima kikavu. Lilikuwa dogo kuliko lile la kanisani na magamba yamepauka. Ubavuni lilikuwa na kovu refu. Lilinisikia, likafungua jicho moja.

"Una mkuki?" likauliza.

"Nina chumvi."

"Basi kaa mbali na kidonda."

Nikakaa mbali. Nikauliza kama linamjua Joji, yule wa farasi mweupe.

"Namjua kuliko wanaomwombea," likasema. "Alikuja mara moja tu. Akapiga, akageuza farasi, akaenda. Tangu hapo wanamchora na mimi pamoja, siku zote pamoja, kama mke na mume, lakini hakurudi hata kunitazama. Mvua ikikaribia kovu linauma, nami nalitaja jina lake. Wao wanalitamka kila mmoja kivyake. Yorgo. Jirjisi. Horhe. Yuri. Nimeyasikia yote yakipita hapa juu kwa waliokwenda vitani na waliokwenda hija. Kila taifa linasema ni wake. Mimi sikuwahi kuulizwa naitwa nani."

"Wanasema ulikuwa ukila wasichana."

"Wanasema," joka likajibu, likafumba jicho. Kisima kilinuka jiwe la moto. Nilitaka kuliuliza jina lake, kwa adabu tu, lakini nilijua likiniambia nitalazimika kulibeba, na nilikuwa nimeshachoka na moja. Mpaka leo najuta kwamba sikuuliza.

Nikaliuliza badala yake kama mtakatifu yule angeweza kuja kuwa wa mtoto wetu. Joka likacheka, vumbi likatoka puani.

"Huyo ana foleni. Wanajeshi, wagonjwa, wachunga farasi, nchi nzima nzima zimempigia magoti. Utasimama nyuma ya nani? Halafu jina lenyewe halikuwa lake. Nilimsikia kabla hajapiga. Alikuwa anatetemeka, anajisemea ndani ya kofia ya chuma: baba, baba, heri ningebaki na jembe. Maana ndicho jina lake lilichokuwa likisema kwa lugha ya kwao. Mtu wa kulima. Wakamvisha chuma mtu wa kulima, wakamleta aniue mimi niliyekuwa nimelala kwenye maji."

Mtu wa kulima. Nilisimama pale na chumvi yangu, nikajisikia mjinga na nikajisikia mwepesi. Maisha yangu yote, nikiitwa, sehemu fulani ya mgongo wangu ilikuwa ikisimama wima kwa ajili ya mkubwa fulani wa mbali, au ikiinama kwa ajili yake, sikujua tofauti. Kumbe nyuma ya taji palikuwa na chuma, na nyuma ya chuma palikuwa na mtu mwenye udongo kwenye kucha. Kama jina lilianzia hapo, basi yuko mmoja wa kwanza, aliyelima kabla ya picha na kabla ya koti. Huyo amekufa zamani sana, zamani ya kutosha kumtosha mtoto yeyote. Nilikimbia, mzee mzima.

Nilifuata sauti ya jembe. Lilikuwa likipiga ardhi mahali fulani mbele, puh, puh, bila haraka, na njia iligeuka kila lilipotaka igeuke. Nikapita vichaka ninavyovijua. Nikapita jiwe ambalo mimi na Kalunde tulikuwa tukianikia mihogo. Nilipoinua uso niliona paa la nyumba yetu, upande wa nyuma, na kati yangu na nyumba mtu akilima, amenipa mgongo. Mtoto alikuwa akilia ndani. Kilio kilikuwa kimepungua, kimekuwa cha kukatika-katika.

"Mzee," nikasema huku nikihema, "wewe ndiye Joji wa kwanza?"

"Mimi nalima," akasema bila kugeuka.

"Jina lako nani?"

"Waliokuwa wakipita njiani walisema, yule mlimaji. Mwombeni maji yule mlimaji. Wakazoea, wakalifanya jina, wakaondoka nalo. Mimi nilibaki na shamba."

"Basi kuna mtoto humu ndani. Anakufa. Njoo umchukue awe wako."

Jembe likapanda, likashuka.

"Mtoto ameshachagua," akasema. "Alipoitiwa Joji hakumtaka mfalme, hakunitaka mimi. Alimtaka huyu." Akaelekeza kwa kidevu.

Palikuwa na kaburi. Kwenye kaburi palikuwa na msalaba wa mbao uliokatika mkono mmoja, na jina langu kwa mwandiko wa Kalunde, herufi zake kubwa za mtoto wa shule. Na palikuwa na mgomba. Waliponizika waliung'oa na mizizi yake badala ya kuukata, nao chini ya shuka ukaona ni bustani kama bustani nyingine, ukachipua. Ulikuwa umezaa machipukizi pembeni, na moja lilibeba mkungu ulioinama kwa uzito.

"Huo ni mgomba tu," nikasema.

"Dada yako huja kukaa hapa kila jioni. Anausimulia. Siku alipokufa mama yenu alikuja kuulilia huu, akauita kaka. Mtoto wa dada yako alipokuwa na mimba na chakula hakikai, alikula ndizi za hapa tu. Mtoto aliye mle ndani amejengwa kwa ndizi za hapa. Dada yako akimwita Joji anajua anamwita nani." Akajifuta jasho kwa kiganja. "Wewe ulileta nini?"

"Chumvi," nikasema.

Sijui kama nimewahi kumwonea kiumbe wivu kama nilivyouonea mgomba ule. Ulisimama mahali pangu. Ulisikiliza nilichopaswa kusikiliza. Ulikuwa kaka kuliko mimi, na ulifanya hivyo bila kwenda popote. Nikatamani kuung'oa. Nikaweka kabisa mikono kwenye shina, likawa baridi na lenye maji, na ndani ya nyumba mtoto akalia mara moja, kisha kimya, kisha nikamsikia Nyamizi akisema, "Mama, kitovu. Mama, njoo utazame kitovu."

Mlimaji alinipa jembe. Au nililichukua. Nilipotazama tena mpini ulikuwa mikononi mwangu, na kwenye majani yaliyolimwa palikuwa na nyayo za mtu mmoja tu, nazo zilikuwa na kisigino changu kilichopasuka. Nikalima. Nilichimba chini ya mgomba, pembeni, nisikate mizizi. Shimo halikuwa refu. Nikapiga magoti, nikaweka mdomo karibu na udongo.

Nilisema jina langu. Nililisema kama mama alivyolisema akiniamsha, kisha kama baba alivyolisema akiwa amelewa na huruma. Kisha kama Kalunde alivyolisema asubuhi ile ya maharage, kwa hasira na kwa mapenzi. Huko nyuma hapakuwa na mtu mwingine aliyelisema kwa namna yoyote ya kukumbukwa. Nikalisikia likitoka kifuani, na mahali lilipokuwa pakabaki baridi. Nilifukia haraka kabla sijabadili nia. Nililia, ndiyo. Nililia kwa sauti, kwa kuwa wengine walikuwa wamekwisha kunililia na zamu ilikuwa imebaki yangu.

Nikasikiliza. Kwanza hapakuwa na kitu. Halafu, kupitia ukuta wa udongo, nikasikia pumzi ya puani, na mdomo mdogo ukivuta kwa pupa, na Nyamizi akicheka na kulia kwa pamoja.

Jua likasogea. Nililiona kabisa likishuka kutoka pale liliposimama, na kivuli cha mgomba kikanipita mgongoni kikaelekea kwenye nyumba. Nikazunguka mbele. Nilikung'uta magoti, nikapiga hodi.

"Nani?" Kalunde akauliza.

Mdomo wangu ulijua la kusema. Ulifunguka wenyewe, kwa mazoea ya maisha yote, na hapakuwa na kitu cha kutoa.

"Mpita njia," nikasema. "Naomba maji."

Mtoto aliendelea kunyonya. Nikasikia kata ikigonga mtungi, kisha miguu, na mlango ukafunguliwa. Kalunde alinitazama usoni, akatazama udongo kwenye kucha zangu, akatazama kule nyuma, upande wa mgomba. Nikaiweka pakiti ya chumvi kizingitini, kati yetu. Aliitazama na hiyo.

Kwetu mpita njia hupewa maji kwa mkono wa kulia, umesimama mlangoni, unamtakia safari njema. Magoti ni ya wazazi na kaka wakubwa.

Kalunde akapiga magoti yote mawili. Akainua kata kwa mikono miwili, kichwa kikiwa kimeinama, mvi zake zote mbele yangu.

"Kunywa, mpita njia," akasema.

Nikanywa. Maji yalikuwa ya mtungi wa mama, yana ladha ya moshi. Nilipomrudishia kata aliichukua pamoja na chumvi, akaingia ndani, akafunga mlango taratibu ili asimshtue mtoto.

Nikangoja kidogo nje, mpaka niliposikia jikoni maharage yanamiminwa chunguni.